Injini Iliyotajwa Matangani

Mzee wangu, yaani mume wangu, alikuwa mfupi. Naanza na hilo kwa sababu mwenyewe asingelisema. Akikaa kwenye usukani wa pikapu yetu, watu wa Sumbawanga walikuwa wanaona kofia inakuja, chini ya kofia hamna mtu. Alikuwa anakalia mto. Mto wenyewe nilijishonea mimi wa kulalia, akauchukua, akaniambia, "Kichwa chako kitalala popote. Makalio yangu ndiyo yanaleta ugali." Sauti yake ilikuwa nzito kuliko mwili, kama mtu anaongea ndani ya pipa. Nikiitoa mpaka leo wajukuu wanakimbia, na hawakumkuta.

Miaka hiyo ndiyo ruhusa ilikuwa imetoka, kila mtu anayeweza kuleta kitu kutoka nje alete. Sisi tuliotoka kwenye foleni za sabuni tulikuwa hatuamini macho. Tunduma ilijaa vitu mpaka vinamwagika: mitumba, redio, spea za magari ya Kijapani yaliyofia huko kwao. Mzee wangu naye alikuwa amepata hiyo pikapu, anapeleka mahindi na maharage Kipili ziwani, anarudi na dagaa na migebuka. Kushuka hakukuwa na shida. Kupanda ndiyo ilikuwa aibu. Gari ilitoka kiwandani na injini ndogo ya petroli, ikibebeshwa samaki kwenye ule mlima wa kutoka ziwani inalia kama mtoto ana sikio. Wanawake wenye ndoo kichwani walikuwa wanaipita kwa miguu. Wakishaipita wanageuka. "Shikamoo dereva. Tukusalimie nani huko juu?"

Nilikuwemo siku moja, nimekaa pembeni yake. Nilicheka, na nikawaigiza wale wanawake njia nzima mpaka Namanyere. Mzee wangu alikuwa anakula ndevu zake tu.

Wiki haikuisha akauza dume letu la ng'ombe. Lilikuwa moja tu. Alimuuzia mtani wake, Msukuma mmoja mfugaji aliyehamia na familia na ng'ombe zake upande wa Pito, jitu refu, anainama kwenye kila mlango. Mtu mrefu na mtu mfupi, wakitembea pamoja utafikiri mmoja anampeleka mwenzake kliniki. Na kabila letu na lao tunataniana, kwa hiyo yule bwana alikuwa anaingia kwangu bila hodi, anafunua sufuria, anakula, halafu anatukana chakula. "Shemeji, hii mboga umepika au umeosha?" Ukikasirika wewe ndiye mjinga. Mtani hakasirikiwi.

Hela ya dume ikaenda Tunduma, ikarudi injini ya dizeli ya lori dogo. Lori dogo, lakini ni lori. Ikaja na turbo. Mimi shule sijui hata mlango wake uko upande gani, ila turbo naijua, kwa sababu ililala chumbani kwetu, imefunikwa na kanga yangu. Ni kitu kama konokono wa chuma. Kinaipulizia injini hewa, injini inapata nguvu isiyo yake, na gari ikikazana kinapiga mluzi. Fundi akakata vyuma huku, akachomelea huku, akaifunga. Akafungua pampu ili dizeli imwagike nyingi. Akaongeza springi nyuma ili mzigo uongezeke. Namba ya injini akaipiga tupa mpaka ikafutika, asije trafiki akauliza maswali. Fundi yule alikuwa na kigugumizi cha adabu, kila neno analiomba radhi kwanza. "Sa-samahani mzee, na bre-breki je? Breki bado ni zile za mwanzo." Mzee wangu ndani ya pipa lake: "Breki ni za waoga."

Basi akawa hasemeki. Alikuwa anapanda ule mlima na mzigo juu, mluzi unalia, moshi mweusi nyuma kama msiba wa kuni mbichi, anawapita wale wanawake na ndoo zao, halafu akifika juu anasimama. Anazima. Anawasubiri, mradi tu awasalimie. Kwenye kilabu cha kimpumu jioni ni hiyo hiyo, anaifanya injini kwa mdomo, anabadilisha gia kwa mrija wa pombe. Watu wote wa mtaa wetu walikuwa wanaijua injini ile kuliko majina ya watoto wake.

Mtu mmoja tu alikuwa haijui, na huyo ni wa bima.

Zamani bima ilikuwa ya serikali, moja, unakata unaondoka. Sasa zikaanza za watu binafsi, wakatuma mawakala mpaka kwetu huku. Wa kwetu alipanga chumba jirani na stendi. Kijana mweupe wa meno, shati jeupe, viatu vinang'aa kwenye vumbi lote lile. Alikuwa anaongea polepole na kwa upole, kama anakupozea uji. "Karibu sana mama. Karibu ukae mama. Mama umeshindaje." Mtu akikuambia mama mara tatu kabla hujakaa, shika mkoba wako.

Mzee wangu alikuwa hana habari na bima kubwa. Alikuwa na ile ndogo, ya kumwonyesha trafiki. Lakini tajiri mmoja mwenye maduka mjini, ambaye ndiye alikuwa anampa mizigo, alimwambia gari isiyo na bima kubwa haitabeba tena gunia lake hata moja. Bima kubwa gari ikifa unalipwa gari. Ikabidi twende.

Tatizo likawa mluzi. Ukiwasha ile gari mbele ya ofisi, hata kiziwi anajua hiyo si injini ya petroli. Unajua alifanya nini? Aliizima huku juu sokoni, akaniambia shuka, sukuma. Nikasukuma. Mimi na wabeba mizigo wawili wa sokoni, kanga inafunguka, tumeipitisha katikati ya mji mchana kweupe, na yeye amekalia mto wangu, anashika usukani, anapungia watu mkono. Tukaifikisha mlangoni kwa wakala nimelowa jasho kama nimetoka kuogelea.

Wakala akatoka. "Shikamoo mzee. Gari haiwaki?"

"Betri."

"Unakatia bima kubwa gari isiyowaka, mzee wangu?"

"Inawaka. Betri ndiyo imelala."

Kijana akaizunguka. Akapiga tairi teke, akaangalia taa, akaangalia boneti, akaangalia shati lake, akaiacha boneti. Tukaingia ndani. Akaanza kuuliza, anasoma huku anajaza. Gari ya mwaka gani, inabeba nini, nani anaiendesha. Halafu akasema, "Kuna kitu chochote kimebadilishwa? Injini imebadilishwa? Imeongezwa nguvu? Springi? Mzee sema tu, wala haina kesi. Ukinitajia, ada inapanda kidogo, na kampuni inakuwa inajua inabeba kitu gani. Usiponitajia, ikitokea la kutokea, hatujuani."

Aliyasema vizuri. Hilo simnyimi.

Mzee wangu akakaa sawa kwenye kiti, miguu haifiki chini. "Ile ile. Kama Mjapani alivyoiacha."

Nikakohoa. Nilikohoa kweli, ni jasho lilikuwa limenikauka. Akanikanyaga mguu na kale kakiatu kake.

"Mama ana neno?" kijana akauliza.

"Huyu? Huyu hajui hata betri inakaa wapi."

Na mimi ndiye niliyetoka kuisukuma.

Nje nikamuuliza kwa nini asiseme tu, si ni ada kidogo. Akanitazama kama nimeomba figo yake. "Dume langu, injini yangu, mbio zangu. Halafu nimlipe yule mtoto kwa sababu mimi nina mbio?" Tukasukuma tena mpaka kwenye kona, ndipo akawasha. Jioni kwenye kimpumu akaisimulia yote, jinsi alivyomweza mtu wa bima. Mtani wake alicheka mpaka akaomba arudiwe.

Alikufa kipindi cha mahindi, akishuka Kipili. Alikuwa peke yake. Injini ya lori, mzigo wa lori, breki za pikapu ya petroli. Wanawake wa ndoo ndio waliomwona anapita. Walisema alipita hajasalimia, ndipo wakajua kuna shida. Gari ikaikosa kona, ikaenda na miti mpaka bondeni. Wao ndio waliomtoa. Mmoja alikuja kuniambia, akidhani ananifariji, kwamba hakuwasumbua kumbeba, alikuwa mwepesi.

Tukazika. Nikakaa mkekani kama inavyotakiwa, nimefungwa kitambaa, kichwa chini. Ukiwa chini hivyo unasikia vizuri. Nilisikia ndugu zake wawili, wakubwa wa sauti kama yeye, lakini hao angalau wana miguu, wanapiga hesabu za nyumba nikiwa nimekaa hapo hapo. "Shemeji hawezi kukaa hapa peke yake." "Atarudi kwao." "Ndiyo, kwao kuna hewa nzuri." Kwetu ni kijiji kimoja cha huko njia ya Kaengesa, na hewa nzuri ndiyo kitu pekee kilichopo. Yule tajiri wa maduka alipokuja kunipa pole aliniambia wazi: mama, ukilipwa ile bima, ukanunua gari nyingine, tafuta dereva, mizigo nitakupa wewe kama nilivyompa mzee. Kwa hiyo nikawa naelewa hali yangu nikiwa nimeinama. Nikiwa na gari ni mwenye nyumba. Nisipokuwa na gari ni hewa nzuri.

Siku ya kuondoa matanga wakala naye akaja. Shati jeupe, viatu vile vile. Akachuchumaa mbele yangu, anapoza uji. "Pole mama. Pole sana mama. Usiwe na wasiwasi. Nimeambiwa lile bonde ni refu, gari haiwezi kupandishwa. Sina haja ya kukusumbua na ukaguzi. Nitaandika imekufa, kampuni itakulipa gari. Tumalize tu msiba." Nikamshika mikono miwili. Ndugu wa marehemu wakasikia, nikaona shingo zao zimelegea. Mmoja akaniletea chai. Tangu niolewe hajawahi kuniletea hata maji.

Wakala akapewa kiti, akapewa ugali wa ulezi na kuku. Ndipo watani wakaanza.

Asiyejua mambo yetu atashangaa. Siku hiyo mtani ana ruhusa. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anasema yote marehemu aliyokuwa anasema, mazuri na mabaya, na hakuna wa kumzuia. Watu wamelia vya kutosha, sasa wacheke. Mtani wetu yule mrefu alitoka ndani kwangu amevaa kofia ya mzee wangu na koti lake. Koti likaishia mbavuni. Akapiga magoti, akatembea kwa magoti, sawasawa na urefu wa marehemu, uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Akakaa kwenye kinu, akaweka mto chini, akashika kifuniko cha sufuria kama usukani.

"Gali yangu," akasema, kwa ule ulimi wa Kisukuma unaolainisha kila kitu, lakini ndani ya pipa, "gali yangu hii haina injini ya petloli. Hii ni loli. Ina tulubo."

Akapiga mluzi. Kijana mmoja huko nyuma akauongezea, halafu mwingine, mpaka uwanja wote unapiga mluzi wa ile gari, kila mtu na gia yake.

Mimi nilikuwa nimeinua kichwa. Nilimwangalia wakala. Alikuwa anacheka, ameshika paja la kuku.

"Sasa tunaenda bima," mtani akasema. Akaruka kutoka kwenye kinu akawa mimi. Akajifunga kanga, akabinua makalio, akasukuma kinu uwanjani anahema, "Baba nanii, nimechoka, baba nanii, washa tu." Akaruka akawa mzee: "Sukuma we mwanamke, yule mtoto akisikia mluzi tumekwisha." Akaruka akawa wakala mwenyewe. Hakuwa amewahi kumwona, alikuwa amesimuliwa tu, lakini alipata ule upole, akapangusa viatu vya kufikirika. "Mzee shikamoo. Injini umebadilisha, mzee?" Akarudi chini, magotini. "Ile ile. Kama Mjapani alivyoiacha."

Fundi alikuwepo, amekaa na bakuli lake. Alikuwa ameshakunywa. Akasimama, mtu wa adabu zake, akachangia: "Sa-samahani mzee. Na bre-breki je?"

Na uwanja mzima, wanawake, wanaume, watoto, ndugu wa marehemu, kwa sauti moja nzito: "Breki ni za waoga."

Walilia kwa kucheka. Kuna mama alijimwagia uji. Wakala alikuwa ameacha kucheka pale alipojiona. Akatafuna taratibu. Halafu akaanza kucheka tena, kicheko kingine, cha mdomo tu. Akamaliza ugali wake wote, akanawa, akaja pale mkekani.

"Mama," akasema, "nadhani kesho twende tu bondeni."

Kesho yake akaja na gari ya kampuni, nayo ni pikapu. Ukisema unakwenda mahali na gari, huendi peke yako. Ndugu wa marehemu wakapanda nyuma, na mashangazi, na waliosema wanataka kuona tu mahali alipofia. Mtani naye akapanda, amekunja magoti mpaka masikioni. Hakuwa na raha. Usiku wake alikuwa amekuja dirishani kwangu kuniuliza kama ni kweli yule mwenye shati ndiye wa bima, na nilipomwambia ni yeye, alikaa chini barabarani.

Tulipofika, wengine wakabaki barabarani, kule chini kunateremka vibaya. Tulishuka watatu: mimi, mtani, na wakala na viatu vyake. Alianguka mara nyingi, na kila akianguka mimi nilikuwa nasema "pole baba" kwa sauti yake ile ile ya uji, na mtani anajifanya anakohoa.

Gari ilikuwa imelala kwa ubavu kwenye miti. Damu ilikuwa imekauka kwenye mto wangu. Mtani akaivunja boneti kwa jiwe, akaiinua. Wakala akainamia injini. Akaiangalia hivi. Akaiangalia vile. Akagusa kitu, akajifuta. Akatafuta namba, akakuta pamekwanguliwa. Nikaona kabisa, yule mtoto alikuwa hajui injini. Ungemwekea cherehani pale ndani angeandika cherehani ipo.

Mtani naye aliona. Akavua kofia ya marehemu, alikuwa bado anayo. Akaongea kwa sauti yake mwenyewe, ambayo sijamsikia akiitumia mara nyingi.

"Kijana, jana ulikuwa msiba. Mimi ni mtani. Kazi yangu ni kuwachekesha. Yale nilitunga."

"Yote?"

"Yote. Mtu akifa nitasema alikuwa na ndege, watu wacheke. Injini ni ile ile."

"Unaweza kuapa?"

"Ng'ombe zangu zife zote kama nadanganya."

Wewe usiyewajua hutaelewa. Yule mtu angeapa kwa mtoto wake kwa urahisi zaidi. Nilimwona anaangalia juu kule kama ng'ombe zitaanza kudondoka kutoka mbinguni. Wakala akafunga boneti kidogo kidogo. Akasema, "Sawa mzee. Kama ni utani ni utani. Mimi mgeni, mila zenu sizijui. Tuandike imekufa."

Ilikuwa imeisha. Nasema ilikuwa imeisha, tulikuwa tumebakiza kupanda tu.

Wakala akakaa kwenye jiwe, anafunga kamba za kiatu, na akaanza kuniongelesha kwa huruma, haniangalii. "Ila mama nakuonea huruma. Kampuni italipa gari ya injini ndogo, ya kawaida. Hiyo ni hela ya kununua nini? Pikapu kuukuu. Laiti kama mzee angekuwa ameweka kitu cha thamani humu ndani ningekihesabu, nikuongezee. Si haki mtu atumie mali yake, aongeze, atengeneze, halafu mjane wake alipwe kama vile hakuna kilichofanyika. Lakini mtani amesema hamna kitu, basi."

Mtani akanitolea macho. Mimi nikaona macho, lakini niliona na dume letu. Niliona pikapu kuukuu inalia mlimani, wanawake wanaipita na ndoo. Nikaona na ndugu zake kule juu. Nikasema moyoni, kumbe hii ni hesabu ya mali, na mali ilikuwepo.

"Ilikuwepo baba," nikasema.

"Eti mama?"

"Mali ilikuwepo. Tuliuza ng'ombe."

"Kweli mama? Hebu nieleze, nisije nikakupunja."

Nikamweleza. Na mimi kitu siwezi kukieleza kikavu, nikiingia naingia. Nilimtolea mzee wangu mzima mzima, ndani ya pipa lake. "Dume langu, injini yangu, mbio zangu." Nilimtolea fundi na radhi zake, na pampu iliyofunguliwa, na springi, na Tunduma. Nilimtolea turbo. Nilikwenda nikafungua boneti mimi mwenyewe, nikamwonyesha kwa kidole: huyu hapa, konokono mwenyewe, alilala chumbani kwangu, mguse. Nikampigia na mluzi, gia ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho. Bonde likaitikia. Wakala alikuwa anaandika haraka, anatikisa kichwa, "Ehe. Ehe mama. Na springi ngapi? Ehe."

Nilipomaliza nilikuwa nahema. Nikamuuliza, sasa hapo itakuwa gari ya namna gani?

Akafunga kalamu. Uji ukawa umepoa kabisa.

"Haitakuwa gari, mama. Mzee niliyemwandikia mimi alisema injini ni ile ile. Hii niliyoiona si hiyo gari. Hiyo gari hatuna bima yake."

"Si umesema utaongeza?"

"Nimesema ningekihesabu. Nimekihesabu." Akasimama, akajipangusa suruali. "Angeyasema haya mwenyewe siku ile, kama ulivyoyasema wewe, ada ingepanda kidogo tu, na leo ningekulipa na konokono wake. Unajua kueleza mama. Ungeeleza siku ile."

Akatangulia kupanda.

Mtani alibaki amesimama na kofia ile mkononi. Nilisubiri anitukane, hakunitukana. Alikuwa anahesabu ng'ombe zake kwa midomo. Tulipanda hivyo hivyo, yeye nyuma yangu, kila nikiteleza ananisukuma mgongoni kama gunia, wala haongei. Mtani aliyenyamaza ni kitu kibaya kuliko maiti.

Kule juu watu walikuwa wamejazana ukingoni mwa barabara. Walikuwa wamesikia mluzi. Shemeji mkubwa akaniwahi, bado ana ile sura ya kuleta chai. "Vipi? Watalipa?"

Mtani ndiye aliyejibu. Alivaa kofia ya marehemu, akajifunga shuka lake kama kanga, akabinua makalio. Halafu akawa mimi. Si yule wa jana wa kusukuma kinu. Mimi wa kule chini, kidole kimenyooka, macho yamenitoka kwa tamaa. "Mali ilikuwepo baba. Huyu hapa, mguse baba. Alilala chumbani kwangu." Akakipigia mluzi kiti cha mbele cha gari kana kwamba wakala amekaa pale, gia ya kwanza, gia ya pili. Akajibu kwa uji: "Ehe mama. Ehe. Nisije nikakupunja."

Mashangazi wakaanza kuguna, halafu wakashindwa. Mmoja akakaa barabarani akajifunika uso na kanga, mabega yanaruka. Wakala alikuwa ameegemea mlango wa gari yake, anajifuta machozi kwa kitambaa cheupe. "Rudia hapo pa konokono mzee," akasema. Mtani akarudia. Alirudia vizuri zaidi.

Shemeji mkubwa alicheka mpaka mwisho, hakuwa na haraka. Halafu akanigeukia, sauti ya kaka yake, miguu mirefu.

"Basi shemeji. Tukifika uanze kufunga vitu. Mapema ndiyo vizuri, kabla mvua hazijaharibu njia ya kwenu."

Wakala akawasha gari. Watu wakapanda nyuma, wamebanana, wengine bado wanapigiana mluzi, nafasi imebaki ya kiganja. Nikashika bodi, nikaweka mguu kwenye tairi, nikawaambia wasogee nipate pa kukaa.